Mwende Anaumwa na Moyo

Wenzangu wa plot na wa kikundi cha akina mama, tangu nirudi kila mmoja wenu amenisimamisha kwenye bomba la maji akitaka habari. Wa kwanza nilimsimulia yote, wa pili nusu, na wa tatu nikamwambia tulifika salama nikachukua mtungi wangu. Sasa nasikia kuna hadithi inazunguka Kitengela kwamba Mwende alipasuliwa kifua huko Loitokitok. Hakupasuliwa. Afadhali niandike mwenyewe mara moja, kisha mpokezane.

KITENGELA

Mnajua binti yangu ana ugonjwa ambao hospitalini wanauita homa ya baridi yabisi. Jina hilo limetutesa sana. Mtu akisikia baridi yabisi anamkumbuka nyanya yake akiinuka kitini kwa kushika kiuno, na akisikia baridi anatafuta sweta. Magoti ya Mwende yalipovimba, leo goti, kesho kifundo cha mguu, baadaye kiwiko, nusu yenu mlinishauri nimfunike na nusu nyingine mkaniletea majani ya kuchemsha. Nilimfunika na nikamchemshia. Maumivu yalihama kiungo hadi kiungo kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba.

Ni Kajiado, kwenye hospitali, ndiko nilikoelezwa kwamba hayo hayaletwi na baridi. Yanaanza na koo. Mtoto anaumwa na koo, koo linapoa, watu wanasahau. Wiki chache baadaye, mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu vya koo unakosea adui na kuanza kupiga viungo vyake wenyewe, na moyo pia. Viungo hupona. Moyo unaweza kubaki na kovu, na kila koo jipya likija, kovu linaongezeka. Ndiyo maana Mwende hudungwa sindano kila baada ya wiki nne, dawa nzito kama uji, ili koo lisipate nafasi tena. Anaichukia kuliko kitu chochote duniani, na mimi ndiye humshika.

Shule zilipofungwa Desemba hii iliyopita, na mvua hii ya El Nino, alikwenda kwa mama mkwe wangu Kimana, chini kidogo ya Loitokitok, ambako familia ya mume wangu inalima nyanya na vitunguu. Tulipatana arudi kabla ya siku ya sindano. Lakini mvua haikupatana na sisi. Barabara zikakatika, siku ya sindano ikafika ikapita, na mimi huku Kitengela nikawa mtu wa kuangalia mawingu. Simu hakuna kule. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, naye hakuweza kupita.

Basi asubuhi moja, Krismasi ikiwa imeshapita, nilikwenda kununua unga, na mama wa duka akaniambia kuna dereva wa lori la nyanya amepita akielekea sokoni Nairobi, ameacha ujumbe. Nikamwuliza ujumbe gani. Akaendelea kupima sukari ya mtu mwingine, akasema, "Amesema mama ya bwana yako anakuita. Mwende anaumwa na moyo."

Sikumbuki kama nilichukua unga.

KAJIADO

Njia yetu ya kawaida ni ya Mombasa hadi Emali, halafu unakata kulia. Dereva huyo alikuwa amesema kule hakupitiki, yeye mwenyewe alizunguka na Namanga. Kwa hivyo nami nikashika njia ya Namanga, na nikashukia Kajiado, kwa sababu sikutaka kufika mbele ya mtoto anayeumwa na moyo nikiwa na mikono mitupu na kichwa kitupu.

Sista anayemdunga Mwende alikuwa na foleni hadi kwenye mlango. Nilisimama pale nikitazama migongo ya watu na kuwachukia wote, hata mzee wa watu aliyekuja kubadilishiwa bendeji tu. Sista aliponiona sura yangu alinivuta ndani, nikamwambia Mwende anaumwa na moyo.

"Mama Mwende, kaa kwanza. Nani amesema ni moyo? Ni daktari?"

Nikamwambia ni susu yake. Sisi Wakamba nyanya tunamwita susu.

"Na susu aliona nini?"

Sikujua. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimebeba neno moja tu, moyo, na nilikuwa nimelijaza mwenyewe. Njiani kutoka Isinya nilikuwa nimeshamwona Mwende amelala, nimeshaona midomo imekuwa ya buluu, nimeshawaza ni nani atamwambia baba yake.

Sista akanieleza polepole nikifika niangalie nini: kama anahema akilala chali, kama miguu imevimba, kama moyo unakimbia hata amekaa tu. Nikiona hayo asitembee hata hatua moja, abebwe. Kisha akasema niangalie pia koo, na hata nikimkuta anacheza, sindano yake isingoje kurudi nyumbani. Hakuwa na hakika kama huko dawa imefika, kwa jinsi barabara zilivyokuwa, kwa hivyo akanipa chupa ndogo ya ile dawa, ikiwa bado unga usiochanganywa na maji. Akanionya asidungwe na mtu yeyote asiye wa hospitali. Niliona ni onyo la ajabu. Nani mwingine angemdunga?

Nilikunywa chai ya rangi kwenye kibanda karibu na stendi. Mandazi niliyafunga kwenye leso pamoja na dawa, kwa maana hayakushuka.

BISIL

Gari nililopata lilikuwa pikapu ya wafanyabiashara wa mbuzi. Walinikubalia kuketi mbele, ila walikuwa wanapitia soko la Bisil, na hawangeondoka pale mpaka mbuzi wauzike. Walisema ni kidogo tu. Jamani, msiwahi kumwamini mtu wa mbuzi akisema kidogo. Kila mbuzi alishikwa mgongo, akafunguliwa mdomo, akakataliwa, akarudiwa. Mbuzi mmoja mweusi alibaki hadi jua likageuka, na nilimtazama yule mbuzi kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa binadamu.

Mwenzangu wa kiti cha mbele alikuwa Mzee Saruni, Mmasai wa Namanga, mwenye shuka nzuri na redio ndogo isiyo na betri. Aliona jinsi nilivyoshika leso yangu akaniuliza nimebeba yai. Nikafungua nikamwonyesha chupa. Uso wake ukachangamka.

"Hii naijua. Ng'ombe yako ni ngapi?"

Nikamwambia si ya ng'ombe, ni ya mtoto. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayesikia mgeni akikosea lugha. Akanieleza kwamba yeye huipiga mwenyewe, ndama ikikohoa, ng'ombe ikivimba kwato, shingoni hapa, na akanigusa shingo kunionyesha. Kama ni mtoto pia hakuna shida, sindano anayo, angeshuka na mimi mpaka Kimana amdunge, mradi nimpe chai. Hapo nikakumbuka onyo la sista, na nikaona kwamba sista amekaa Kajiado miaka mingi, anawajua wafugaji.

Nilikataa kwa heshima. Akashuka garini, nikadhani amekasirika. Baadaye alirudi na bakuli la supu ya kichwa cha mbuzi akaniwekea mapajani, akasema ninywe, mtu hasafiri na tumbo la hofu tupu. Kisha akasema jambo ambalo nadhani lilikuwa la kunitia moyo.

"Mimi sijui ya watu. Lakini ng'ombe ikianguka, hapo dawa umechelewa. Sasa yako imeanguka ama bado imesimama?"

"Sijui, mzee."

Supu ile ilikuwa nzuri, yenye chumvi na ndimu, na niliinywa yote. Mbuzi mweusi hatimaye alinunuliwa na mwanamke mmoja ambaye hakumwangalia hata meno.

NAMANGA NA KULE MBELE

Nililala Namanga kwa nyumba ya wageni yenye kunguni. Asubuhi kulikuwa na lori la soda na unga likienda Kimana kwa kupitia ndani, upande wa Amboseli, kwa sababu maduka ya huko yalikuwa yameishiwa. Dereva aliitwa Muriithi, Mkikuyu mpole mwenye tabia moja mbaya: alikuwa anasoma udongo kwa sauti. "Hapa ni sawa. Hapa si sawa. Hapa Mungu atusaidie." Watu wa soda walikuwa nyuma wakiimba. Mimi nilikuwa mbele nikiomba.

Kama hamjaona udongo ule mweusi ukiwa na maji, shukuruni. Lori lilizama taratibu bila kelele. Tulichimba, tukakata matawi, tukashusha kreti, tukapandisha kreti. Alasiri Muriithi alizima injini akasema tungoje trekta ya mbuga au tungoje jua, kitakachotangulia. Nilimwambia mtoto wangu anaumwa na moyo. Akavua kofia. Lakini udongo haukuwa na masikio.

Kabla giza halijaingia tulitembea hadi boma lililokuwa karibu. Mama wa boma alitupokea vizuri sana. Alikuwa wa umri wangu, Mama Naserian, na Kiswahili chake kilikuwa kama Kimasai changu, yaani salamu tu. Yeye akisema "Supa," mimi "Ipa." Akauliza jambo lingine, nikasema "Ipa." Tukaendelea hivyo mpaka akacheka.

Nilitaka kumweleza kwa nini nina haraka. Nikasema mtoto, nikaonyesha urefu wa Mwende kwa mkono, nikasema mgonjwa, kisha nikaweka mkono kifuani kwangu nikaupiga-piga. "Oltau," akasema, na baadaye niliambiwa ni moyo kwa Kimasai. Nikaitikia kwa kichwa, maana niliona amenielewa. Aliniangalia kwa huruma kubwa, akainuka, akachukua magome ya mti akayaweka kwenye sufuria iliyokuwa na mifupa, na ikachemka hadi ikawa nyekundu ya kahawia. Nikafikiri anatengeneza dawa ya kwenda nayo kwa mtoto. Nikasema moyoni, hawa watu wana utu.

Akamimina kikombe akanipa mimi ninywe.

Sasa utakataaje? Nikanywa. Ilikuwa chungu, ikikwaruza ulimi kama ndizi mbichi. Akajaza tena. Nikanywa tena. Alikaa karibu nami ameshika kifundo cha mkono wangu, akinitazama usoni, na kila nikitaka kusema jambo ananipapasa bega ninyamaze. Ni Muriithi aliyeingia na kijana wa boma anayejua Kiswahili, ndipo ikajulikana: Mama Naserian alikuwa ameelewa kwamba nimeacha mtoto wa urefu ule nyumbani, na kwamba mimi ndiye ninayeumwa na moyo, karibu nife. Watu wote walicheka, naye akacheka zaidi, akifunika uso kwa shuka. Nami nilicheka hadi machozi yakanitoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko.

Asubuhi alinifungia kipande cha magome yale kwenye karatasi ya sukari. Ni olkiloriti, mti ambao wao huutia kwenye supu, kila mtu anaujua. Akanipa na maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, na hayo yalishuka vizuri. Trekta ya mbuga ilitangulia jua.

KIMANA

Nilifika kwa mama mkwe saa za chakula cha mchana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa nilichokiona. Mwende alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya paa la jikoni, amevaa sweta mbili na kofia ya sufu kwenye joto lile, anatoa maharagwe kwenye maganda. Aliponiona akataka kukimbia. Nikapiga kelele asisimame. Akabaki amekaa, mikono imefunguka, na maharagwe yakamwagika.

Nilimwangalia miguu, haikuvimba. Nikamlaza chali, hakuhema. Nikaweka sikio kifuani, na kifua kilinuka mafuta ya kondoo hadi nikapiga chafya. Moyo ulikuwa unapiga haraka kidogo, lakini nani moyo wake haungepiga, mama yake akimwangukia hivyo?

Susu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimsalimu, nikamwita mwaitu, mama yangu, kama inavyopasa, kisha nikamwuliza amemwonaje. Alinieleza kwa Kikamba kila alichofanya, na nilimwona jinsi alivyochoka. Tangu mtoto aseme anaumwa, alimtoa shambani akamlaza. Alimpa supu na asali. Alimkanda kifua asubuhi na jioni. Alimfunika ili baridi isiongezeke. Alitaka kumpeleka Loitokitok, mto ukawa umejaa, na jirani akasema ugonjwa wa moyo usipandishwe mlima kwa miguu. Akatuma ujumbe kwa dereva. Sikuona kosa. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia susu, alipomchukua mtoto, kwamba ugonjwa huu hula moyo, auangalie moyo.

Nikamgeukia Mwende. "Wewe mwenyewe unaumwa wapi?"

Akaweka kidole shingoni, chini ya kidevu.

"Hapa. Lakini saa hii imepunguka."

"Susu anasema ni moyo."

"Mimi nilisema koo. Nilimwambia susu, koo inauma."

Hapo wale wenye Kikamba mtakuwa mmeshaelewa, na wengine niwaambie. Mwende amekulia Kitengela, Kikamba chake ni cha kuombea chakula. Susu Kiswahili chake ni cha sokoni. Na kwa Kikamba, moyo ni ngoo. Mtoto alisema koo, susu akasikia ngoo. Kila asubuhi susu alimwuliza ngoo bado inauma, na mtoto akidhani ndivyo susu anavyotamka koo, akaitikia kwamba bado. Nikamwuliza hakushangaa kupakwa mafuta kifuani? Akasema alishangaa, lakini alikuwa anasikia raha.

Mke wa shemeji yangu, aliyekuwa amekuja kuniona, alianza kucheka akashika ukuta. Susu alisimama akarudia maneno yale mawili kwa sauti ndogo, koo, ngoo, kisha naye akacheka, akaketi chini kwa nguvu, akasema kwa Kikamba ashukuriwe Mungu, ni koo tu. Nami nilikuwa nacheka. Niliambiwa nile muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikapewa sahani imejaa, nikachota kijiko cha kwanza.

Kisha nikamwuliza Mwende koo lilianza lini. Akasema kabla ya Krismasi.

Nilirudisha kijiko. Magoti yake yalipovimba ile mara ya kwanza, ilikuwa hivi hivi: koo, asali kidogo, likapungua lenyewe, tukasahau. Moyo ungekuwa unamuuma kwa kumkumbuka mama yake, ningemkumbatia na kumaliza. Lakini koo, na sindano imepita siku yake, ndilo jambo nililokuwa nikiliogopa tangu mvua ianze kunyesha. Nilikuwa nimesafiri nikiogopa neno lisilo sahihi, na neno lenyewe lilikuwa baya vilevile. Wao walikuwa bado wanacheka. Sikulaumu mtu. Nilisema tu tunaenda hospitali sasa hivi, na susu akaniangalia kama nimepagawa.

"Kwa koo?"

"Kwa koo, mwaitu."

LOITOKITOK

Shemeji aliazima trekta ya jirani. Tulipanda kwenye tela, mimi, Mwende na susu, ambaye alikataa kubaki. Mto ulikuwa umeshuka hadi nusu ya gurudumu. Mlima ule watalii huja kuutazama ulikuwa wote umefunikwa na mawingu, nami sikuwa na haja nao. Njia nzima niliminya magoti ya Mwende mpaka akaniambia, "Mama, wewe ndiye unaniumiza."

Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, naye mwenyewe alikuwa na mafua. Alimfungua mdomo akammulika. Koo lilikuwa bado jekundu, na madoa meupe pande zote mbili. Akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, mbele, mgongoni, akamwambia alale ubavu wa kushoto, akasikiliza tena. Mimi nilikuwa nausoma uso wake.

Alisema kuna sauti ndogo, kama upepo unaopita mlangoni. Nikamwambia hata Kajiado walisema ipo ndogo. Akauliza ndogo kiasi gani. Ningejuaje? Akasema basi kwa leo hawezi kujua kama ni ile ya zamani au imeongezeka. Magoti hayajavimba, joto si kubwa. Lakini ugonjwa huu haufiki pamoja na koo, huja baadaye, wiki mbili, wiki tatu. Sindano ya leo ingeua vijidudu vya kooni. Kama mwili ulikuwa umeshaanza kukosea, tungejua baadaye. Akatumia dawa yangu ya kwenye leso, maana yao ilikuwa imeisha kweli. Mwende alilia, nikamshika.

Baada ya hapo daktari akamwuliza susu, kwa heshima, amekuwa akimpa nini. Susu alitazama sakafu. Akidhani anashtakiwa, alitaja asali tu. Mimi nikatoa magome ya Mama Naserian nikayaweka mezani ili tushtakiwe wote. Daktari akacheka kidogo, akachukua kiti.

Alisema supu ni nzuri, mtoto ale vizuri. Asali sawa, maji ya vuguvugu yenye chumvi ya kusukutua pia sawa, yanapoza koo ingawa hayaui kilichomo. Mafuta ya kondoo hayana ubaya, ila goti likivimba likiwa la moto lisikandwe. Sweta moja yatosha, baridi haina hatia hapa. Magome hayo, watu wazima wa huku wanakunywa kila siku, lakini mtoto mwenye moyo wa namna hii asipewe dawa ya mti bila wao kujua, maana hakuna anayejua itapatana vipi na dawa zake nyingine. Na hakuna hata kimoja cha hivyo kinachoshika nafasi ya sindano. Susu alisikiliza mpaka mwisho nikimtafsiria.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nafanya bure," akasema.

Daktari alitikisa kichwa kabla sijamaliza kutafsiri. "Mwambie alimlaza. Mtoto alipumzika. Hiyo si bure, hiyo iko katika dawa."

Tulipokuwa tunarudi kwenye tela alimfunika Mwende sweta ya pili, akakumbuka, akaivua.

KITENGELA TENA, NA KUNGOJA

Kurudi kulikuwa rahisi, njia ya Emali ilikuwa imefunguliwa kwa vipande. Susu alikuja nasi. Alisema hawezi kukaa Kimana akingojea dereva wa nyanya amletee neno lingine.

Mliona wenyewe siku zile nilivyokuwa, na wengine mlinung'unika kwamba siitikii salamu. Kila asubuhi kabla Mwende hajaamka vizuri nilikuwa nimeshika magoti yake, kisha vifundo, kisha viwiko. Susu alikuwa akimfungua mdomo kwa kijiko kwenye mwanga wa mlango. Siku moja aliamka akasema mguu unauma. Niliacha maziwa yakafurika kwenye jiko. Kumbe aliruka kamba jana yake na watoto wa plot, akaanguka kwenye kokoto, na kidonda kilikuwa pale pale kinaonekana. Nilimpiga kofi la mguu, kisha nikamkumbatia, kisha nikapangusa jiko.

Wiki ya pili ikapita na ya tatu ikapita. Sikumwambia mtu kwamba zimepita, nisije nikaziamsha.

KAJIADO, SIKU YA SINDANO

Tulikwenda watatu. Daktari wa Kajiado anayemjua Mwende alimsikiliza, akafunga macho, akasikiliza tena. Akasema sauti ni ile ile aliyoiacha. Haijaongezeka. Nikamwomba arudie kusikiliza. Akarudia, akasema ni ile ile.

Sista akatayarisha dawa. Mwende alishajilaza kifudifudi kitandani, ngumi amezifunga, uso ameugeuzia ukutani, kama mtu mzima anayejua kazi yake. Nikasogea kumshika. Susu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake, akaniambia nimwulize sista hizi sindano zitaisha lini.

Sista akasema mpaka awe mtu mzima, apite miaka ishirini, na kwa wengine hata zaidi.

Nikatafsiri. Susu alimtazama Mwende mgongo wote, kuanzia kichwani hadi kwenye soksi. Akaweka mkoba wake sakafuni.

"Mimi sitafika huko," akasema kwa Kikamba. "Mwambie anionyeshe mahali pa kumshika."

Sista alimwonyesha, mkono mmoja kiunoni, mwingine nyuma ya goti. Susu akainama akashika, akaegemeza shavu lake kwenye mgongo wa mtoto. Mwende alilia kama kawaida yake. Tangu ugonjwa huu uanze, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mikono yangu kuwa mitupu wakati wa sindano, na sikujua niipeleke wapi. Nilitoka nje nikasimama karibu na ukuta, nikalia mpaka waliponiita.